Breki ya Mkono wa Kulia

Ukimpelekea Fundi wa Breki pikipiki iliyokufa injini, injini hakuigusa. Alichuchumaa mbele, akainua tairi, akalizungusha hewani kwa kiganja, kisha akavuta breki na kutega sikio. Mwenye chombo angeweza kueleza mpaka koo limkauke: karabureta, plagi, moshi mweusi. Yeye alizungusha tena. Mwishowe alinyanyuka akajifuta mikono.

"Bon. Hii haisimame. Kitu yenye haisimame, mi siiwashe."

"Muze, mi nimekuja kwa injini!"

"Injini iko hapo, haiende popote. Tuanze na fre."

Fre ndiyo breki kwa Kiswahili cha huku kilichochanganyika na Kifaransa, na vijana wa pikipiki za abiria hapa Gitega walimwita Muze Fre. Walimcheka sana, na waliendelea kumrudia. Siku moja alikuja kijana mwenye haraka, honi yake imekatika sauti. Fundi alikubali kutengeneza honi tu, bila maneno, jambo ambalo lingemshtua yeyote anayemjua. Kijana akaenda kutafuta maandazi. Aliporudi alikuta honi inalia kama mpya, na tairi la mbele limelala chini kando ya pikipiki. Fundi alikuwa keshaondoka kwenda sala ya Ijumaa, na ekseli ya tairi imo mfukoni mwa kanzu yake. Yule kijana alikaa pale akibonyeza honi kwa hasira, piii, piii, mpaka watu wakatoka msikitini. Fundi akarudi taratibu, akamfungia breki nyingine, akamrudishia tairi lake.

"Honi ni ya kuwaambia watu watoke," alimwambia. "Na kama hawatoke?"

Kibanda chake na changu vilitenganishwa na bati moja lenye kutu, pale kwenye mtaa wa Waswahili. Mimi nashona siti za pikipiki. Nimekulia kambi ya wakimbizi Tanzania, nikasoma hapo mpaka darasa la saba, halafu tukarudi nyumbani na wazazi, Gishubi, ambako jembe lilinishinda upesi na cherehani ikanikubali. Kwa sababu ya Kiswahili changu vijana waliniita Mtanzania. Fundi aliniita mama, kama watu wa huku wanavyomwita binti yeyote wasiyetaka kugombana naye. Kupitia tundu la bati tulipitishiana chai, mkasi na habari. Mimi ndiye niliyepitisha habari nyingi. Yeye alipitisha chai.

Nisije nikamfanya malaika. Baiskeli yake mwenyewe haikuwa na breki hata moja. Akiteremka kutoka msikitini alikandamiza soli ya kandambili kwenye tairi la mbele, vilevile kama wanavyofanya wabeba ndizi kwenye milima yetu, na mtaa mzima ulisikia mlio wake, shrrrr, ukajua Fundi anakuja. Kandambili ya kulia ilikwisha kabla ya ya kushoto, kila mara. Nilimuuliza haoni aibu.

"Hii tumezoeana," alisema.

"Na wale vijana na pikipiki zao hawajazoeana?"

"Wale wamezoeana na injini." Akafikiri kidogo. "Na kandambili iko mpya, mama. Angalia."

Alikuwa pia mkali kwa namna isiyopendeza. Mtu akimletea kipuri kutoka dukani pamoja na pipa la sifa zake, alikishika kwa ncha za vidole kama kinanuka, akakirudisha bila kusema neno, na mwenye nacho akaondoka ameumia. Aliweza kununa siku nzima kwa ajili ya springi. Kisha jioni ananipitishia chai tamu kupita kiasi, na hapo najua amejuta.

Nyuma ya kibanda, chini ya turubai, kulikuwa na pikipiki nyekundu. Ilikuwa ya mashindano, ya zamani sana, ndogo kiasi kwamba ukiiona kwa mbali unadhani imetengenezwa kwa ajili ya mtoto. Usukani wake umeinama chini kama pembe za kondoo, tangi ni jembamba na refu ili dereva alalie tumbo, na hakuna mahali pa abiria. Mfanyabiashara mmoja wa kahawa aliiacha alipoondoka nchini, na Fundi, ambaye katika ujana wake ndiye aliyekuwa akiiandaa, akabaki nayo. Aliiandaa kwa kila mbio, na hakuiendesha katika mbio hata moja. Aliijaribu mpaka kwenye kona tu, akaikabidhi kwa waliovaa kofia ngumu.

Kuiendesha ndiko alikokutaka, na alinieleza mara moja tu, akiwa amenipa mgongo ili nisimtazame usoni. Alitaka kuteremka nayo barabara ya Giheta. Aiachie kweli, alalie tangi kama wale wengine, na chini kabisa, kabla ya soko, aisimamishe mwenyewe.

"Halafu?" nikauliza.

"Halafu nini? Nimeshasimama."

Mimi ni mtu wa kutumaini. Mama yangu husema ningetumaini hata kwenye mtungi mtupu. Siku hiyohiyo nilianza kumshonea siti: ngozi nyeusi iliyobaki kwenye kazi nyingine, mshono mweupe, na nyuma mkunjo mdogo ulioinuka, kama nilivyofikiri siti za mashindano zinavyokuwa. Usiku niliiona barabara nzima ya Giheta imejaa watu, wale vijana wote waliomcheka wamepanga mstari, na yeye anapita juu ya ile nyekundu, hata kanzu nimemvika. Nilipomsimulia alisema kanzu itaingia kwenye cheni.

Vijana walichomchekea zaidi ni mafuta. Huku kwetu petroli imekuwa kitu cha kusikia. Vijana hulala kwenye foleni ya kituo wakiwa wamekumbatia pikipiki zao, na asubuhi wanazisukuma kurudi nazo zikiwa kavu vilevile. Walikuja kukaa kivulini kwetu kwa kukosa kazi, wakamtazama mzee akisugua ngoma ya breki ya mbele.

"Muze, unatafutia fre kitu yenye haitembee?"

"We yako inatembea?"

"Leo? Oya, hapana."

"Basi tuko sawa. Ila yangu ikitembea, itasimama."

Waliangua kicheko, na yeye pia alicheka, kwa pua.

Mambo yalianza kuharibika Ramadhani moja. Asubuhi mdomo wake ulipinda kidogo, na baada ya siku chache ukarudi. Mkono wa kulia haukurudi. Haukufa, alisema ni uvivu tu. Lakini niliona kupitia tundu la bati. Alikuwa na desturi ya kulowesha kitambaa kwenye ndoo na kukikamua kabla ya kufuta ngoma, na sasa, kila alipokikamua kwa mkono ule, alikitazama. Kilikuwa bado kinachuruzika. Alikuwa akijipima. Mara nyingine alikikamua, akakitazama, akakirudisha ndooni na kuanza upya, kama labda mara ya kwanza hakujitayarisha.

Sasa, kwenye pikipiki, breki ya mbele ndiyo breki, na breki ya mbele huvutwa kwa mkono wa kulia. Breki ya mguu ya nyuma kwenye ile nyekundu ilikuwa ya kuongezea tu. Kwa hiyo kazi yake ilibadilika bila yeye kuitangaza. Kabla ya hapo alitafuta breki itakayoifaa pikipiki. Tangu hapo alitafuta breki itakayoufaa mkono.

Ndani ya ngoma mna vyuma viwili vilivyopinda kama mwezi mchanga, vimevikwa kitu kigumu mfano wa ngozi, ambacho huku wanakiita garnitire. Ukivuta breki, vile vyuma vinatanuka na ile garnitire inaikamata ngoma. Garnitire ya zamani ilikuwa imekwisha. Ya ukubwa ule haikupatikana Gitega, wala popote tulipouliza. Na hapo Fundi akakosea, kosa ambalo nadhani ni mtu wa milima hii peke yake angelifanya.

Kwetu breki nzuri ni ile isiyoisha. Dereva anayeteremka na magunia ya mkaa hataki kusikia kingine. Akimuona fundi anamuuliza, "Itakaa?" basi. Fundi alikuwa ameishi na swali hilo maisha yake yote. Akaagiza kipande cha garnitire ya lori kutoka Muyinga, ambako malori ya Tanzania hupita, akakikata, akakipiga tupa kidogokidogo, wiki baada ya wiki, kwa mkono uliokuwa ukimsaliti, mpaka kikakaa kwenye vile vyuma kana kwamba kimezaliwa navyo. Kilikuwa kizuri kukitazama. Tuliisukuma ile nyekundu mpaka juu ya mtaa, akaiteremsha polepole, akavuta. Haikushika. Ilisema shii, ikaendelea na safari yake, na yeye akaisimamisha kwa kandambili.

Alikaa kando ya mtaro muda mrefu. Nilidhani analia, kumbe anacheka.

"Unajua nimefanya nini, mama? Hii iko fre ya kubeba ndizi. Inataka mzigo, inataka moto. Hii toto haina uzito, haina moto. Mi nimechagua yenye haiishe. Hawa wa mbio walikuwa wanataka yenye inaisha! Inaisha haraka, lakini inashika." Akajipiga paji la uso. "Miaka yote hii."

Yale majuma ya tupa yalikuwa yamekula kitu kingine pia. Alipoanza kukata kile kipande cha lori aliweza kuifunga nati kwa mkono wa kulia. Alipokimaliza, aliifunga kwa kushoto.

Jaribio la pili lilikuwa la akili zaidi. Pale kwenye ngoma kuna kimkono kifupi cha chuma kinachovutwa na waya wa breki. Ukikirefusha, breki inakuwa nyepesi. Alikirefusha, na kweli, ikawa nyepesi hata mimi nikaivuta nikiongea. Lakini wepesi ule una gharama yake: lazima uvute mbali zaidi, mpaka breki inakaribia kugusa usukani, ndipo ikamate. Vidole vyake havikuweza tena kujikunja kufika huko. Breki fupi ilikuwa nzito kwake. Breki nyepesi ilikuwa ndefu kwake. Alinieleza hivyo bila kulalamika, akinichorea mavumbini, na nilipoelewa nilitamani nisingeelewa.

"Ukikipunguza kidogo kile kimkono?" nikasema.

"Nilipunguza jana."

"Na?"

"Jana ilifaa."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Kila alichokitengeneza kilipimwa kwa mkono wa wiki iliyopita. Alikuwa kama mtu anayemshonea nguo mtoto anayekua, ila kinyume chake. Mimi niliendelea kusema itakuwa, itakuwa. Niliisema kwa furaha kabisa, nikishona, nikipiga pedali. Alinivumilia. Mara moja tu alisema, "We mama, ukinyamaza kidogo mi nitasikia ngoma."

Siku moja, katika kunieleza alichokikosa, alisema kwamba zamani za wale wa mbio kulikuwa na garnitire iliyofumwa, pamba na nyuzi za shaba, laini, inayoshika ukiigusa tu. "Iko kama kitambaa," alisema. Nikamwambia angeniambia mapema, vitambaa ndiyo kazi yangu. Nilimpigia simu shangazi yangu, aliyebaki Kigoma, ambaye anauza wali karibu na bandari. Nikamweleza kitu kama mkanda mnene wa nguo wenye waya ndani, cha breki za mashine. Shangazi alinicheka kwanza, akauliza nimeolewa na nani. Kisha akaulizia kwa wateja wake, na mmoja akamletea kipande kilichobaki walipokuwa wakitengeneza mtambo wa kushushia mizigo.

Kilichukua muda mrefu kunifikia, kikipita kwa huyu na yule. Katika muda huo Fundi alipata shida nyingine asubuhi moja, wakati wa kutawadha, na binti yake akaja kutoka Muyinga kumchukua. Alikubali kwa sharti kwamba ile nyekundu ipande lori moja naye. Niliwaona wanaondoka. Alikaa mbele na dereva, akigeuka kila mara kutazama nyuma kama kamba zimekaza. Hakunipungia mkono. Nadhani nilijua sababu.

Kibanda kilichukuliwa na muuza vocha za simu.

Kipande kilipofika nilikifungua mezani kwangu, nikakisugua kwa kidole. Kilikuwa kimefumwa kweli, uzi juu ya uzi, na shaba ikimetameta ndani kama kwenye mtandio wa sikukuu. Nikafunga cherehani, nikapanda gari la Muyinga.

Binti yake alinipokea mlangoni. "Afadhali umekuja, dada. Baba haongee na mtu. Anaongea na ile kitu tu."

Alikuwa ameketi uani kwenye kiti, pikipiki mbele yake. Mkono wa kulia ulikuwa umelala mapajani kama kitu alichoachiwa na mtu amtunzie. Maneno yalimtoka kwa upande mmoja wa mdomo, lakini yalitoka.

"Mtanzania," alisema. Hakuwahi kuniita hivyo.

"Fundi, shikamoo."

"Umeleta nini?"

Nikampa. Alikipokea kwa kushoto, akakinusa, akakipitisha shavuni. Alifumba macho. "Ndiyo hii," akasema. Katika miaka yote niliyomjua, sikuwahi kumsikia akisema hivyo kuhusu kipuri chochote.

Tulifanya kazi asubuhi nzima, yaani nilifanya mimi, yeye akisema. Nilikata kwa mkasi wangu mkubwa. Nilitoboa. Nilipiga ribiti za shaba kwenye vile vyuma vilivyopinda, na kila nilipoharakisha alinizuia: "Polepole, mama. Hii si ngoma ya harusi." Aliniagiza niondoe kile kimkono kirefu, nirudishe kile kifupi cha kwanza. Nilifunga ngoma, nikakaza waya. Alizungusha tairi kwa kushoto, mimi nikavuta, akatega sikio.  Akaashiria kwa kidevu kwamba tuisimamishe.

"Baba, mafuta hakuna mji mzima," binti yake alisema.

"Mteremko hauombe mafuta."

Nyuma ya nyumba kulikuwa na njia ya udongo mwekundu inayoteremka mpaka kwenye barabara ya malori. Si Giheta, wala si hata nusu ya Giheta. Tulimpandisha, binti yake akiuinua mguu mmoja na mimi nikiishikilia pikipiki isianguke. Akashika usukani kwa kushoto. Nikauchukua mkono wa kulia, nikauweka mahali pake. Ukateleza. Nikauweka tena, nikavikunja vidole kimoja kimoja juu ya mpini. Ukateleza. Hakunitazama, nami sikumtazama. Basi nikaweka mkono wangu mimi, nikashika breki, tukaanza kuteremka, yeye juu ya siti na mimi nikitembea ubavuni. Binti yake alibaki juu, kiganja mdomoni.

Njiani watoto walitupisha. Mbuzi mmoja alikataa kutupisha, nikavuta, tukasimama, mbuzi akaondoka kwa wakati wake.

"Achia," Fundi akasema.

"Fundi…"

"Kidogo tu. Achia."

Nikafungua vidole. Ile nyekundu ikatoka kama iliyokuwa inangoja, nami nikakimbia nayo, viatu vikipiga udongo, mkono wangu ungali kwenye mpini. Akainama. Akalala juu ya tangi, kidevu kikaligusa, kofia yake ikaanguka nyuma yetu na hakuna aliyejali. Upepo ulipita kwenye shati lake. Ilikuwa pumzi mbili tatu hivi. Kisha chini ya njia lori likapita, na lingine nyuma yake.

"Shika!"

Nikavuta. Haikulia, haikuruka. Ilitushika kama mtu anavyokushika mkono usikanyage kitu. Tukasimama palepale, mavumbi yakatupita na kwenda mbele.

Alibaki ameinama kwa muda. Kisha akainuka, akihema.

"Umevuta na nguvu?"

"Hapana, Fundi."

"Vidole vingapi?"

Nikautazama mkono wangu, maana sikujua. "Viwili."

"Sukuma mbele kidogo. Fanya tena."

Nikaisukuma, nikavuta, ikasimama.

"Viwili," nikamwambia.

Aliyatazama malori yanayokwenda mpakani. 

"Idi iliyopita," alisema, kwa sauti ya mtu anayetaja saizi ya nati, "viwili nilikuwa navyo."

Kisha akaniomba nimsaidie kushuka, tuigeuze, tuanze kuisukuma kupanda.